Mrejesho: Pemba nilikwenda

Dada zangu, niliwauliza kama mjane aliyemaliza eda juzi, miezi minne na siku kumi, anaweza kufuatana na wanawake asiowajua kwenda Pemba kutembea na kutafakari. Mlinitia moyo, nikaenda.

Msitu wa Ngezi tuliupita mbiombio, mvua ilitufukuza. Lakini kisiwa cha Misali! Wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alifika pale, akaomba msala, yaani mkeka wa kusalia, akakosa, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Nikatandika kanga mchangani, nikasali adhuhuri, kilio nilichokibana tangu msibani kikanitoka. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Mama mmoja alinishika mkono tu, mpaka nikatulia.

Watoto nimewakuta salama kwa wifi. Ahsanteni mno.