Mapango na makao ya wakaapweke nchini Italia: nimpeleke mama wapi?

Mngoni wa Roma aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi Roma kwa mwaka wa tatu sasa, na mwezi wa tano mama yangu mzazi atakuja kunitembelea kutoka Songea. Amekulia karibu na abasia ya Peramiho, ambayo Wabenedikto waliianzisha mwaka 1898, na tangu nikiwa mdogo nimemsikia akisimulia habari za Mtakatifu Benedikto aliyejificha pangoni akiwa kijana, akilishwa mkate kwa kamba. Nilipomwambia kwamba pango lenyewe lipo, na kwamba watu huingia na kutoka, alinyamaza kwenye simu kwa muda, kisha akaniambia kuwa Kolosseo ninaweza kuiona mwenyewe. Yeye anataka kuonyeshwa pango.

Nimeandaa siku sita. Katika orodha yangu nimeweka Subiaco, Eremo delle Carceri lililo juu ya Assisi, makao ya wakaapweke ya milima ya Majella mkoani Abruzzo, mapango ya Frasassi na mji wa Matera. Sina gari. Mama ana miaka 66, ana nguvu za kutembea, lakini magoti yanamsumbua, na yanamsumbua zaidi anaposhuka kuliko anapopanda. Naomba mnieleze kwa ukweli kama orodha hii inawezekana, na kama haiwezekani, nipunguze nini.

Mzee wa Tivoli alijibu:

Binti yangu, orodha yako ni ya mtu mwenye gari, magoti mazima na wiki tatu. Nimewasindikiza mahujaji kutoka nyumbani mara nyingi katika sehemu hizo, na kosa ninaloliona kila mara ni kutaka kuona mapango matano kwa haraka, mwisho wake mtu anakumbuka mabasi tu. Wakaapweke waliyachagua maeneo hayo kwa sababu ni magumu kuyafikia, na ugumu huo haujapungua sana tangu wakati wao.

Anza na Subiaco, na uipe siku nzima. Mabasi ya mkoa huondoka Roma kutoka Ponte Mammolo, kituo cha metro mstari B, na kukufikisha mjini Subiaco. Kutoka hapo hadi kwenye monasteri ya Mtakatifu Benedikto ni kama kilomita tatu za kupanda. Kijana huzitembea kwa furaha, lakini kwa mama yako chukua teksi, kisha mpatane na dereva saa ya kuwarudia. Jambo la pili ni muda: monasteri hufungwa mchana, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za kitawa za Italia, kwa hiyo ondokeni Roma alfajiri ili mfike ile saa tatu au saa nne asubuhi.

Benedikto alifika huko mnamo mwaka 500, akiwa amekimbia masomo na starehe za Roma, na akakaa pangoni miaka mitatu. Mmonaki aliyeitwa Romano ndiye aliyejua alipo, na alikuwa akimshushia mkate kutoka juu ya genge kwa kamba iliyofungwa kengele ndogo, ili kijana asikie chakula kinakuja. Papa Gregori Mkuu, aliyeandika maisha ya Benedikto, anasimulia kwamba shetani aliirushia kengele jiwe akaivunja. Mwambie mama autafute mchoro wa ukutani unaomwonyesha Romano akishusha mkate. Akiuona, hatahitaji mtu wa kumfafanulia.

Jengo lenyewe limegandamana na mwamba kama kiota cha mbayuwayu. Ukuta mmoja ni wa mafundi, wa pili ni jabali tupu, na mahali pengine huwezi kusema kwa hakika ni wapi kazi ya binadamu inapoishia. Unaingia kwa juu, katika kanisa la juu, kisha unashuka kwa ngazi hadi kanisa la chini na pango lenyewe, na ukiendelea kushuka unafika kwenye pango la wachungaji, ambapo inasemekana Benedikto aliwafundisha dini watu waliokuwa wakichunga mifugo huko. Hapa ndipo penye shida yako, kwa sababu kushuka kunatangulia. Ngazi si ndefu mno, lakini vidato ni vya mawe yaliyolainishwa na miguu ya karne nyingi, kwa hiyo tangulia mbele yake, yeye akiwa ameshika bega lako, na msiharakishwe na kundi lolote la nyuma.

Kabla ya kuondoka, tazameni katika kikanisa cha Mtakatifu Gregori mchoro wa Fransisko wa Asizi. Ameandikwa kwa jina la Ndugu Fransisko tu, hana duara la mwanga kichwani wala madonda matakatifu mikononi, na kwa sababu hiyo wataalamu wengi huuhesabu kuwa mchoro wa zamani zaidi unaomwonyesha, uliochorwa kabla ya kutangazwa mtakatifu mwaka 1228. Mimi nimeuona zaidi ya mara kumi na bado husimama mbele yake. Masikio yake yamemsimama kidogo, kama ya mtu yeyote wa kijijini.

Mwanafunzi Perugia alijibu:

Shikamoo mzee, na habari yako dada. Ninaunga mkono Subiaco, ila nisingependa Assisi iondolewe, kwa sababu hiyo ndiyo safari rahisi kuliko zote mlizozitaja. Treni kutoka Roma huchukua kama saa mbili. Kituo kipo bondeni, Santa Maria degli Angeli, na kutoka hapo basi hupanda hadi mjini. Eremo delle Carceri liko kilomita nne hivi juu ya mji, kwenye mteremko wa mlima Subasio, katika msitu wa mialoni isiyopukutisha majani. Neno Carceri kwa Kiitaliano cha leo ni magereza, na watu wengi hudhani kuna watu waliofungwa hapo, kumbe maana yake ni upweke wa kujifungia kwa hiari.

Fransisko na wenzake walikuwa wakija kusali kwenye mapango hayo na kulala juu ya mawe. Nyumba ndogo ya watawa inayoonekana leo ilijengwa karne ya 15 kwa juhudi za Bernardino wa Siena. Humo ndani pana vyumba vidogo mno, na milango mingine ni mifupi na myembamba kiasi kwamba nilipopita na mkoba mgongoni nilikwama, na mama mmoja Mpolandi akanisukuma kwa nyuma huku akicheka. Kushuka hadi kwenye pango la Fransisko ni ngazi finyu yenye mwinuko mkali. Kwa hali ya mama yako, ningemwambia aamue mwenyewe akiwa hapo juu. Asiposhuka, ua wenye kisima na vijia vya msituni havina ugumu huo, na kwa maoni yangu msitu ndio moyo wa mahali pale.

Kuhusu Frasassi, hilo ni jambo la aina nyingine. Ni pango la maumbile lililogunduliwa mwaka 1971 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1974, katika wilaya ya Genga, mkoa wa Marche. Kama umewahi kuingia mapango ya Amboni kule Tanga, jiandae kwa ukubwa tofauti kabisa: ukumbi wa kwanza, unaoitwa Shimo la Ancona, una kimo cha takribani mita 200, na Waitaliano hupenda kusema kwamba kanisa kuu la Milano lingeweza kutoshea humo. Joto ni nyuzi 14 mwaka mzima, na hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo mvalishe mama sweta hata kama nje kuna jua. Kuna kituo cha treni cha Genga kwenye njia ya Roma kwenda Ancona, ila angalia ratiba kwa makini kwa sababu si kila treni husimama hapo.

Watu wengi huona pango hilo wakarudi zao, na kumbe katika korongo hilohilo kuna kanisa dogo la pembe nane lililojengwa mwaka 1828 ndani ya mdomo wa pango, kwa agizo la Papa Leo XII, ambaye alikuwa mwenyeji wa Genga. Pembeni yake pana makao ya kale ya watawa, Santa Maria infra Saxa, yaliyochongwa nusu ndani ya mwamba. Njia ya kufika huko ni ya kupanda, na mwinuko wake ni mkali, kisha kurudi ni kushuka. Hapo, dada, magoti yatalalamika.

Mbukavu wa Pescara alijibu:

Mimi nitapingana na mzee kidogo, kwa heshima zote. Subiaco ni pazuri, lakini pana monasteri, michoro, na makundi ya wageni. Anayetaka kuelewa mkaapweke alikuwa mtu wa namna gani aende Majella.

Huko ndiko alikoishi Pietro da Morrone, mtawa aliyekimbia watu maisha yake yote, na watu wakamfuata kila alipojificha. Makardinali walikuwa wamekaa zaidi ya miaka miwili bila kukubaliana juu ya papa, na mwezi Julai 1294 wakamchagua yeye, mzee wa milimani. Aliingia L'Aquila akiwa juu ya punda, akaitwa Selestini V, na tarehe 13 Desemba mwaka huohuo akajiuzulu. Hakuruhusiwa kurudi kwenye pango lake. Alifariki mwaka 1296 akiwa amezuiliwa katika ngome ya Fumone. Papa Benedikto XVI alipojiuzulu mwaka 2013, hapa Abruzzo watu walimzungumzia Selestini kama jirani aliyehama juzi.

Makao yake ya San Bartolomeo in Legio, karibu na kijiji cha Roccamorice, yamejengwa chini ya paa la mwamba lenye urefu wa kama mita 50. Ukiwa upande wa pili wa bonde unaweza kulitazama jabali lile usijue kwamba kuna nyumba, kwa kuwa kuta zake ni za jiwe lilelile. Siku ya Mtakatifu Bartolomayo, tarehe 25 Agosti, watu huteremka kabla ya jua kuchomoza, hunawa maji ya kijito kilicho chini ya makao, kisha huibeba sanamu ndogo ya mtakatifu hadi kijijini. Nilipoiona mara ya kwanza nilifikiri bibi yangu angejisikia nyumbani pale kuliko katika kanisa lolote la Roma.

Sasa niseme ukweli ulioombwa. Bila gari hufiki. Na ukifika, njia ni ya kushuka bondeni kwa zaidi ya robo saa, kisha vidato vilivyochongwa kwenye mwamba. Makao mengine, San Giovanni all'Orfento, hata mimi nilishindwa: mwishoni inabidi ulale kifudifudi na kutambaa kwenye kizingiti chembamba cha jabali. Kwa mama, hapana. Njoo mwenyewe siku nyingine, nitakupeleka.

Mzee wa Tivoli alijibu:

Ndugu yangu wa Pescara, hatupingani. Ulichosema kuhusu upweke wa Majella ni kweli, ila huyu mama hakuomba kuelewa wakaapweke wote. Aliomba kuona pango moja analolijua kwa jina tangu ubatizo wake. Mtu wa Peramiho kwenda Subiaco ni kama mtu kwenda kuona kisima ambacho maji yake ameyanywa akiwa mbali.

Kuhusu Matera, binti, iache. Iko kusini kabisa, na makanisa yake ya pangoni, ambayo ni zaidi ya 150 ukihesabu na ya mashambani ng'ambo ya korongo, hayawezi kuwa nyongeza ya safari nyingine. Isitoshe, mapango ya Sassi, yaani mitaa ya kale ya Matera, yalikuwa makazi ya familia maskini pamoja na mifugo yao, hadi sheria ya mwaka 1952 ilipoanza kuwahamisha. Ni historia ya makazi na umaskini, na inastahili safari yake yenyewe.

Mngoni wa Roma alijibu:

Nawashukuru sana nyote. Shikamoo mzee. Nimempigia mama simu jioni hii nikamsomea majibu yenu. Tumekubaliana hivi: siku ya pili baada ya kupumzika tutakwenda Subiaco, siku ya nne Assisi, ambako tutalala usiku mmoja ili asikimbizwe na treni, na Frasassi tutaiacha, ingawa mimi mwenyewe imeniuma kidogo. Kaka wa Pescara, ahadi yako nimeiandika, na nitakuja mwezi wa nane.

Kuna swali moja ambalo mama ameniagiza niulize. Anataka kujua kama pale juu ya genge, mahali Romano alipokuwa akisimama na kamba yake, panafikika kwa mguu, kwa sababu ameleta wazo la kubeba mkate.

Mzee wa Tivoli alijibu:

Mwambie mkate aubebe, mtaula kwenye kivuli cha miti ya njia ya kupandia, kabla ya kuingia ndani. Lakini juu ya genge asipande. Kengele ilikwisha kuvunjwa, na hakuna atakayesikia.