Bastola kombati ya fremu ya alumini: itahimili risasi 5,000 kwa mwaka?

Jicho Moja:
Wakuu, naomba ushauri kwa wanaojua vyuma.

Nina bastola kombati (zile fupi za kubebeka) ya milimita 9, slaidi ya chuma (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila ukipiga), fremu ya alumini (sehemu ya chini yenye mpini). Niliipata mkononi mwa mtu, nikaichukua kwa ajili ya kubeba tu. Sasa nimenogewa na shabaha. Kila baada ya wiki mbili nipo uwanjani na risasi 200, yaani 5,000 na ushei kwa mwaka. Tangu niwe nayo nimeshapiga kama 3,000; aliyenitangulia alipiga ngapi, sijui.

Jana naisafisha, nikaona kwenye reli za fremu, pale slaidi inapoteleza, rangi nyeusi imebanduka na chini pameng'aa kama kijiko. Mwenzangu mmoja akacheka, akasema hii ni "bastola ya kubeba, si ya kupiga", niiuze kabla fremu haijapasuka nichukue ya chuma tupu. Shida ni kwamba hii imenikaa mkononi kuliko zote nilizojaribu. Nina hofu ya bure, au niitafutie mteja?

Ganda Tupu:
Mwenzako kasema kweli. Alumini ni ya sufuria. Iuze.

Mzee wa Grisi:
Usiiuze bado, mkuu. Kwanza huo mng'ao. Fremu ya alumini hupewa ngozi ngumu kwa umeme, anodaizi. Ngozi yenyewe ni ngumu sana lakini nyembamba, sehemu ndogo tu ya milimita, na kwenye kingo za reli ndiko hutoka mapema kwa sababu slaidi haigusi reli nzima, inagusa sehemu tatu nne zinazobeba mzigo wote. Sehemu hizo zikishang'aa na kulaliana na slaidi, uchakavu hupungua kasi. Nimeona fremu zenye mng'ao wa namna hiyo zikiendelea kupiga miaka na miaka.

Mng'ao usikutishe. Pitisha ukucha juu ya reli: ukikwama kwenye mfereji au kwenye kinundu cha alumini iliyosukumwa pembeni, hapo kuna neno. Na ukifuta grisi ya zamani ukakuta uji wa kijivu, ujue alumini inasagwa. Vumbi la ile ngozi ni kama msasa, kwa hiyo usiongeze grisi mpya juu ya chafu. Futa yote, ndipo upake. Na iwe grisi, si mafuta mepesi; mafuta kwenye reli za alumini hutiririka yakaisha kabla hujamaliza magazini ya tano.

Sasa swali langu: springi ya slaidi umebadilisha lini?

Jicho Moja:
Springi? Sijawahi, mzee wangu. Mbona bado ni ngumu kuvuta.

Mzee wa Grisi:
Basi hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mkono wako si mizani. Kombati ina slaidi fupi na nyepesi, na safari yake kurudi nyuma ni fupi vilevile, kwa hiyo springi hufanya kazi kubwa katika nafasi ndogo na huchoka mapema kuliko ya bastola ndefu. Ikilegea, slaidi inafika nyuma ikiwa bado na mwendo na inaipiga fremu kama nyundo. Chuma kinapiga alumini, mara 200 kila ukienda uwanjani. Kijitabu cha bastola yako kikitaja idadi ya risasi kwa springi, fuata hiyo. Kama hakisemi, mimi kwa kombati hubadilisha kila 3,000. Ni kijisehemu kidogo kuliko vyote humo ndani, na ndicho kinacholinda fremu.

Wala usiende dukani kutafuta springi kali kuliko ya kiwandani ukidhani unaikinga zaidi. Slaidi itarudi mbele kwa kishindo, na pini ya kizuia slaidi (kile kinachoishika slaidi nyuma magazini ikiisha) ndiyo itakayolia.

Fundi Bisibisi:
Mimi nakuja na upande wa chuma chenyewe. Ganda Tupu, alumini ya sufuria na alumini ya fremu nzuri ni ndugu wa mbali. Fremu nyingi za maana ni aloi ya 7075, yenye zinki ndani, na nguvu zake zinalingana na vyuma vingi vya kawaida kwa uzito wa karibu theluthi moja. Wala si jambo jipya. Colt Commander ilitoka na fremu ya alumini kuanzia mwaka 1950. Beretta 92 ikawa M9 ya jeshi la Marekani mwaka 1985, fremu alumini, na kashfa iliyovuma miaka ile ilikuwa ya slaidi kuvunjika, nazo ni za chuma! Kwa kombati hasa, tazama SIG P228, ambayo jeshi hilohilo liliipa jina la M11, na CZ P-01 iliyoingia polisi ya Czech mwaka 2001. Hizo hazikununuliwa zikae kabatini.

Ganda Tupu:
Sawa fundi, ila usimfiche mwenzetu. Chuma ukikipiga chini ya kiwango fulani hakichoki, utapiga hadi wajukuu. Alumini haina kiwango hicho. Kila pigo linahesabiwa.

Fundi Bisibisi:
Hapo umenishika, ni kweli tupu. Alumini huchoka hata kwa mapigo madogo, na ndiyo maana ukubwa wa kila pigo ni muhimu. Mfano mzuri ni Walther P38. Wajerumani wa Magharibi waliirudisha jeshini mwaka 1957 ikiwa na fremu ya alumini, baadaye ikaitwa P1. Ilibidi baadaye fremu iongezewe pini ya chuma yenye pembe sita, ipite katikati mahali ambapo mapigo yanaangukia. Hawakuitupa alumini, waliitilia nguvu palipouma.

Kwa hiyo mkuu, punguza pigo. Risasi za +P, zile zenye shinikizo kubwa kuliko kawaida, ziache. Kikomo cha shinikizo cha SAAMI, chombo cha Marekani kinachoweka viwango vya silaha na risasi, kwa milimita 9 ya kawaida ni paundi 35,000 kwa inchi ya mraba, +P ni 38,500. Asilimia 10 inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa 5,000. Za kubebea piga chache za kujihakikishia kwamba zinapita, mazoezi fanya na za kawaida.

Shabaha Tulivu:
Mimi nina kombati ya alumini mwaka wa sita. Naandika kila risasi kwenye daftari, nimepita 21,000. Kilichovunjika ni pini ya kizuia slaidi, kwenye 14,000 hivi, na springi nabadilisha kama mzee alivyosema. Fremu nzima.

Ila niliwahi kuharibu nyingine kwa mikono yangu. Mwinuko wa kupandishia risasi kwenda chemba ulikuwa kwenye fremu yenyewe, si kwenye mtutu. Nikausugua kwa msasa laini ung'ae, risasi zipande vizuri. Nikaondoa ile ngozi ngumu. Baada ya miezi michache ncha za risasi zilikuwa zimechimba kishimo kwenye alumini tupu, na zikaanza kukwama. Jicho Moja, yako angalia mwinuko uko wapi, na ukiwa kwenye fremu usiuguse.

Pia usiloweke fremu kwenye dawa kali za kusafishia injini. Zinakula alumini.

Jicho Moja:
Asante dada, asanteni wakuu. Nyufa nazitafutaje? Macho yangu si ya kuaminika, jina langu linasema.

Mzee wa Grisi:
Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, fungua bastola. Safisha fremu mpaka ikauke. Paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa kabisa, halafu pakaa unga wa chaki. Mahali penye ufa mafuta yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Tazama hasa kuzunguka tundu la pini ya kizuia slaidi, mbele chini ya mtutu, na mizizi ya reli. Mstari wa mkwaruzo hauna mafuta. Ukiona ufa wa kweli acha kupiga, hata uwe mfupi kama punje ya mchele.

Jicho Moja:
Mrejesho baada ya wiki tatu. Chaki haikuonyesha mstari wowote. Reli ni laini, ukucha haukwami. Mwinuko uko kwenye mtutu, nashukuru. Springi mpya imefika, nikailaza kando ya ile kuukuu: ya zamani fupi kwa pindi karibu tatu. Leo nimepiga 100, maganda yaliyokuwa yakiruka mpaka ukutani sasa yanaangukia hatua mbili tatu kutoka nilipo. Daftari nimefungua, ukurasa wa kwanza nimeandika 3,100 na alama ya kuuliza.

Ganda Tupu:
Ukibadili mawazo, mimi mteja.