Fanksheni isiyopata kitu irudishe nini: None, -1 au itupe hitilafu?

Msaka_Kosa
Wakuu, habari za saa hizi. Nina fanksheni ya lugha ya Python inayotafuta mteja kwa namba yake. Akikosekana inarudisha None, yaani "hakuna kitu". Mwenzangu anataka itupe hitilafu, yaani isimamishe kazi na kutangaza kosa, mwingine anasema turudishe -1 kama ifanyavyo find() ya stringi (maandishi) ikikosa inachotafuta. Tunabishana siku ya pili sasa. Nyie mnafanyaje, na kwa nini?

Fundi_Mkongwe
Hiyo -1 iondoeni kabisa, mkuu. Kwenye Python -1 ni nafasi halali, ndiyo herufi ya mwisho. Niliwahi kukesha kwa ajili yake. Tulikuwa tunakata maandishi kabla ya nukta pacha: s[:s.find(":")]. Pasipo na nukta pacha inakuwa s[:-1], na programu hailalamiki hata kidogo. Kila rekodi ya namna hiyo ilipoteza herufi yake ya mwisho, na tulikuja kugundua data ikiwa tayari imeingia kwenye hifadhidata. Tungetumia index(), inayotafuta vilevile, ingetupa hitilafu ya ValueError palepale.
Lugha ya PHP nayo ina mtego wa jamii hiyo: strpos(), inayotafuta nafasi ya kitu kwenye maandishi, hurudisha false ikikosa, na 0 ikikipata kitu mwanzoni kabisa. Usipolinganisha kwa ===, inayokagua aina pia, utachanganya kupata na kukosa.

Bitinane
Naunga mkono. Ila hata None ina shida yake: hakuna kinachomlazimisha anayeiita fanksheni kuikumbuka. Inapita mikono mitano, halafu programu inaanguka mbali na ilikotoka. Mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare, aliyeiingiza null (ndugu ya None) kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965, mwaka 2009 aliliita kosa lake la dola bilioni moja. Lugha ya Rust imelikwepa kwa Option, aina inayosema thamani ipo au haipo: kompaila haikupi thamani mpaka useme utafanya nini isipokuwepo. Java ilileta Optional, ya jamii hiyo, katika toleo la 8, mwaka 2014. Kwa Python, andika aina ya jibu kuwa Mteja | None, kisha pitisha mypy, programu ya kukagua aina. Itakuonyesha kila mahali uliposahau kukagua.

Binti_Seva
Mimi huuliza kwanza: kukosekana kwa huyu mteja ni jambo la kawaida au ni dalili ya uharibifu? Mtu akichapa namba kwenye kisanduku cha kutafuta, "hayupo" ni jibu kamili, rudisha None. Lakini namba ikiwa imetoka kwenye ankara iliyokwisha hifadhiwa na mteja haonekani, data yenu imevunjika. Hapo tupa hitilafu, tena mapema. Kwa hiyo wewe na mwenzako wote mna hoja. Andikeni mbili, tafuta_mteja() ya kurudisha None na pata_mteja() ya kutupa hitilafu, jina limwambie msomaji ategemee nini. Kamusi (dict) ya Python yenyewe iko hivyo: ufunguo k usipokuwepo, d.get(k) inakupa None, d[k] inatupa hitilafu ya KeyError.

Msaka_Kosa
Nimekupata dada, hizo mbili nazichukua. Na fanksheni inayoleta ankara zote za mteja? Asipokuwa na ankara pia nirudishe None?

Binti_Seva
Hapana, rudisha orodha tupu. Kitanzi cha for kitazunguka mara sifuri na hutahitaji if yoyote. Ila hifadhidata isipofikika, usikamate hitilafu hiyo ukarudisha orodha tupu. Utakuwa umemwambia mteja hadaiwi, wakati hata hujasoma deni lake.