Naomba ushauri: majibu ya modemu yanafika vipande vipande

Wakuu, habari za leo. Naandika programu ya Python inayoongea na modemu ya GSM (kifaa cha mtandao wa simu) kupitia poti ya serial. Nikituma AT+CSQ (amri ya kuuliza nguvu ya mawimbi), natarajia "+CSQ: 18,99" kisha OK. Mara napata "+CS" tu, mkia unafuata nikisoma tena. Kibaya zaidi, SMS ikiingia wakati huohuo, +CMTI (taarifa ya modemu kwamba SMS mpya imefika) inajipenyeza na programu inadhani ndiyo jibu.

Kusubiri sekunde moja kumesaidia kidogo, ila sipendi kubahatisha. Sasa nalimbikiza herufi hadi \r\n (alama za mwisho wa mstari), kila mstari naukagua peke yake: +CMTI inaenda foleni yake, nasoma mpaka OK au ERROR.

Nimekwama kwenye AT+CMGS (amri ya kutuma SMS): alama ">" ambayo modemu hutoa kuomba maandishi ya ujumbe haifuatwi na \r\n, programu inasubiri milele. Nyie mnaikamataje?