Mwezi na mvua katika picha za mbao za Kijapani

Mchonga nakshi, Mji Mkongwe:
Assalaamu alaykum. Kazi yangu ni kuchonga milango, na sasa nataka kuchapa kwa ubao picha za bandari ya Malindi, moja ikiwa usiku wa mwezi mpevu na nyingine wakati wa mvua ya masika. Naomba wanaojua uchapaji wa Kijapani wanieleze: je, mwezi hupakwa rangi nyeupe, na mistari myembamba ya mvua huchongwaje?

Mwalimu wa sanaa, Wete:
Waalaykumu ssalaam, fundi wangu. Mara nyingi mwezi haupakwi kitu. Ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi, na mng'aro wake hutokana na kiza kinachouzunguka, kwa hiyo shughuli yote iko angani. Mchapaji huulowesha ubao kwa brashi au kitambaa chenye maji, akatia rangi upande mmoja tu, nayo hufifia kadiri inavyosogea kwenye umajimaji. Ufundi huo huitwa bokashi, na hufanywa upya kwa kila nakala. Itafute picha ya mchoraji wa Kijapani Kawase Hasui ya mwaka 1930, yenye mwezi nyuma ya misonobari ya Magome, huko Tokyo. Binafsi sijaona usiku uliotulia kuliko ule.

Mpiga chapa, Chake Chake:
Nami niongeze kuhusu mvua. Katika picha ya Hiroshige, mchoraji mwingine wa Kijapani, ya mwaka 1857, inayoonesha mvua ya ghafla kwenye daraja la Shin-Ohashi huko Edo, mji ambao leo ni Tokyo, mistari ilichongwa kwenye mbao mbili, kila mmoja ukiwa na mwinamo wake, ndiyo maana mvua inapishana. Mstari wenyewe haukuchimbwa. Ni mti uliobakishwa umesimama, huku pembeni pote pamekatwa. Wajapani hutumia mcheri, ambao ni mgumu na nyuzi zake zimesongamana, ilhali mvule una nyuzi zinazopishana, na mstari mwembamba utamomonyoka. Jaribu mchungwa. Halafu itazame ng'ambo ya mto: imechapwa kijivu hafifu tu, na kwa maoni yangu uzito wa mvua ile uko hapo kuliko hata kwenye mistari.

Mchonga nakshi, Mji Mkongwe:
Ahsanteni sana, walimu wangu. Na hizo mbao mbili hulinganishwaje?

Mpiga chapa, Chake Chake:
Kila ubao huchongwa alama mbili mahali palepale, moja ya pembe na nyingine ya mstari, ziitwazo kento, na karatasi huegemezwa hapo kabla ya kulazwa. Hakikisha imelowana kwa usawa, kwa kuwa ikikauka katikati ya kazi husinyaa, na hapo alama hazitakusaidia tena.