Tupeane uzoefu: maombi ya uponyaji wa moyo yanafanywaje, na huharibikia wapi?

Mama Jumuiya, Lanet
Wapendwa, Bwana asifiwe. Shuhuda tuziweke kando leo, hizo zimejaa redioni. Tunataka utaratibu. Mtu amefiwa, ameachwa, amebeba hasira ya miaka, au usiku haoni usingizi, anakuja mlangoni anasema "niombee." Unaanzia wapi? Mnakaa muda gani? Nini kinaharibu? Wakatoliki, Waanglikana, Marafiki (Quakers), watu wa makanisa ya Roho, Wapentekoste, karibuni nyote. Majina ya watu na ya makanisa yaliyokosea tusiandike.

Mwombezi wa Kondele
Watu watatu wanatosha: mwenye shida, anayeongoza, na mmoja anayeomba kimya. Mama aombewe na mama mwenzake. Mlango usifungwe kwa ufunguo. Simu zizimwe, leso iwe karibu, maji ya kunywa mezani.

Saa moja, isizidi. Nusu saa ya kwanza ni ya kusikiliza, na hapo ndipo wengi wetu tunaboronga, maana mtu hajamaliza sentensi ya pili tayari tumeshanena kwa lugha. Bwana mwenyewe alimwuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini, na kipofu alikuwa amesimama pale mbele yake (Marko 10:51). Uliza vivyo hivyo, kisha nyamaza. Akisema "kila kitu kimeharibika," mrudishe polepole: tukianza na kimoja leo, ni kipi? Ombi la "Bwana gusa maisha yake" halina pa kushika. "Bwana, usiku wa mazishi hakuna aliyekaa naye, kaa naye sasa" lina mahali.

Maombi yenyewe robo saa. Ukitaka kuweka mkono, omba ruhusa, na uweke begani. Kusukuma kichwa mpaka mtu aanguke si dalili ya lolote. Aliyechoka na hajala huanguka kirahisi. Robo saa iliyobaki ni chai. Usimwachie mtu stegi akiwa bado anatetemeka.

Na jamani, mama aliyezika mtoto wiki tatu zilizopita hana "pepo la huzuni." Ana huzuni. Ukimkemea pepo, anaondoka na mzigo wa pili: kwamba kulia kwake ni dhambi.

Mwalimu wa Vihiga
Kwa asiyeweza kusema mbele ya watu, mpe daftari na Zaburi ya 13. Ni mistari 6 tu, na imekatwa sawasawa. Miwili ya kwanza ni malalamiko, "hata lini" imerudiwa mara nne. Miwili ya kati ni ombi. Miwili ya mwisho ni tumaini. Aandike yake kwa mpangilio huohuo, kwa lugha aliyolelewa nayo. Kiswahili cha kanisani humfanya mtu aseme mambo mazuri. Kilogooli cha nyumbani kwao ndicho kinachotoa uchungu.

Kosa la kawaida ni kumharakisha afike mistari miwili ya mwisho. Kama hana tumaini la kuandika, aache nafasi wazi ukurasani, arudi wiki ijayo. Zaburi ya 88 inaishia gizani na bado imo kwenye Biblia.

Sisi Marafiki, ambao wamishenari wetu walifika Kaimosi mwaka 1902, tuna desturi ya zamani ya kukaa kimya mbele za Mungu. Nyimbo zimeijaza nafasi hiyo sana siku hizi, lakini dakika kumi za ukimya baada ya kusoma zaburi bado zinafanya kazi. Mwambie tu mtu mapema kwamba mtanyamaza, la sivyo ataona mmemsusia.

Mzee wa Kanisa, Njoro
Niongeze juu ya kusamehe, maana Nakuru tunalijua jambo hili kwa majirani. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 watu walisimamishwa makanisani wakaambiwa washikane mikono. Mikono ilishikana. Mioyo ilibaki ilipokuwa.

Soma Mathayo 18 taratibu. Mfalme alifanya hesabu kwanza. Deni lilikuwa na kiasi, talanta elfu kumi, ndipo likasamehewa. Sisi tunasamehe deni ambalo halijahesabiwa, halafu tunashangaa linarudi usiku. Kwa hiyo mwenye jeraha ahesabu: alinichukulia ng'ombe watatu, alinifanya nihame shamba, alinitukana mbele ya watoto, watoto hawanisalimu tena. Kila kitu kwa mstari wake. Halafu aombee mstari mmoja mmoja, huku akisema kwa kinywa chake, "hili naliachilia." Akifika mstari ambao kinywa kinakataa, simameni hapo. Andika tarehe pembeni. Mtarudi. Wengine hukaa mstari mmoja miezi kadhaa na hakuna ubaya.

Tofautisheni pia kusamehe na kurudi. Mke aliyepigwa anaweza kumwachilia mume moyoni na bado alale kwa dada yake. Mchungaji anayemwambia "umesamehe, basi rudi nyumbani leo" anamtia hatarini, na damu ikimwagika hatakuwepo. Wala kusamehe hakuzuii kwenda polisi.

Dada wa Maombi, Kakamega
Kufunga sasa. Anayeumia moyoni mara nyingi hali wala halali vizuri. Kumwongezea kifungo ni kumvunja. Elia alipoomba afe chini ya mretemu, malaika hakumpa kifungo. Alimpa mkate wa makaa na gudulia la maji, akala, akalala, akaamshwa akala tena (1 Wafalme 19). Wafunge wale wanaomwombea.

Mwenye afya anayeanza: mlo mmoja tu aruke, au asubuhi hadi jioni, maji anakunywa. Kufungua ni uji mwepesi na ndizi. Ugali na nyama baada ya saa moja au mbili. Ukishindilia mara moja tumbo linakukaba na kesha limeharibika. Wasifunge kabisa: mjamzito, anayenyonyesha, mwenye sukari, mwenye vidonda vya tumbo, na yeyote ambaye tembe zake zinataka chakula. Kifungo kavu bila maji, kataa, hata akitangaza nani. Shakahola, Kilifi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge wamwone Yesu.

Katekista, Subukia
Kwetu Wakatoliki mlango wa kwanza ni Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, hasa uchungu ukichanganyika na hatia. Mpako wa Wagonjwa ni kwa mgonjwa wa kweli, na hutolewa na padre au askofu pekee: paji la uso na mikono, kwa mafuta yaliyobarikiwa. Mimi katekista siruhusiwi, hata ukinisihi. Tena si lazima mtu awe anakata roho. Ugonjwa ukizidi, unapakwa tena.

Wanaokuja kuhiji hapa kwa Mama Maria kila Oktoba: njia inapanda. Vaa viatu vya kufunga, beba sweta, na wazee wapewe muda. Maji ya chemchemi chota kidogo, ushuke nayo mlima bila kubeba jerikeni la lita 20. Hayauzwi, na anayekuuzia mjini anakuibia.

Kijana wa Section 58
@Katekista na wale wanaoenda kuomba kwenye mapango ya kreta ya Menengai, Nakuru, je? Vijana wanalala huko siku tatu.

Mzee wa Kanisa, Njoro
Ndugu, baridi ya usiku pale inaingia mifupani, na kingo za kreta hazina huruma gizani. Aliyevunjika moyo asiende peke yake kamwe. Kama lazima, waende wanne, mchana, warudi jua likiwepo. Mungu wa Menengai yuko pia chumbani kwako.

Nesi Mstaafu, Kisumu
Nimengoja mmalize. Sikilizeni dalili hizi: usingizi au chakula kimepotea zaidi ya wiki mbili, anasikia sauti, anagawa vitu vyake, anasema "mtapumzika nikiondoka." Muulize wazi, "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampunguzia upweke. Akikubali, usimwache peke yake hata kwa dakika tano. Dawa ya kunyunyizia mahindi itoke nyumbani siku hiyohiyo, na mpelekeni hospitali; hapa Kisumu rufaa ni Jaramogi. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure.

Familia nyingi huficha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka katiba. Waambieni hivyo.

Tembe zisiachwe madhabahuni. Ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege huja mfululizo na huua. Ya sonona (depression) huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, kabla ya mtu kuona nafuu, kwa hiyo anayeacha siku ya kumi akisema "haikufanya kazi, sasa naomba tu" hajaijaribu bado. Ameze saa tatu usiku, aombe saa tatu na dakika tano.

Mama Jumuiya, Lanet
Asanteni. Swali dogo: pesa?

Mwombezi wa Kondele
Maombi hayana risiti, mama. Wakitaja "mbegu," yaani pesa unayotoa ili ombi lijibiwe, kabla hujamaliza kueleza shida, chukua mkoba wako.

Mama Jumuiya, Lanet
Na akianza kulia katikati ya maombi, tunaendelea?

Mwombezi wa Kondele
Nyamazeni wote. Msogezee leso, usimpanguse wewe. Hata ikichukua dakika ishirini. Akipumua vizuri tena, muulize kama tuendelee au tuishie hapo leo, halafu mfanye atakavyosema. Kesho yake mpigie simu kabla ya saa sita.