Uso unaoangaziwa na simu msituni: naomba vipimo

Kipepeo_Muheza
Wakuu, habari za jioni. Nasoma upigaji picha, mwaka wa mwisho. Mradi wangu ni mfululizo wa picha 12: mtu yuko peke yake katika msitu wa Amani, Tanga, kashika simu, mwanga wa kioo umempiga usoni, na uzuri wote uliomzunguka haumhusu. Nina kamera ya fremu kamili yenye megapikseli 24, lenzi ya 35mm na ya 85mm, zote f/1.8, pamoja na stendi. Flashi sitaki kabisa.

Picha za majaribio zina shida tatu. Uso ukikaa sawa, msitu unakuwa mweusi tii. Kuna michirizi ya mlalo inayokata uso. Halafu ngozi inatoka kama ya mgonjwa. Nianzie wapi?

TaaHafifu
Anza na kiasi cha mwanga ulichonacho. Simu ya kawaida yenye kioo cheupe kilichowashwa hadi mwisho, ikiwa sentimita 40 kutoka usoni, inatoa kama laksi 20 tu (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu). Kwa hiyo uso unahitaji takribani tundu la lenzi f/2, shata (pazia la kamera) 1/60 ya sekunde, na ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 3200. Ukiisogeza hadi sentimita 30 unaongeza karibu stopu moja (stopu moja ni mwanga kuwa mara mbili, au nusu ukishusha).

Msitu unatakiwa uwe chini ya uso kwa stopu mbili hivi, ili majani yasomeke lakini jicho lianzie usoni. Hilo linategemea saa kuliko kamera. Huku karibu na ikweta jua likishazama giza halichelewi. Mwanga wa kufanyia kazi unabaki dakika 20 na kitu. Tena chini ya miti mirefu hupenya asilimia chache tu ya mwanga wa nje. Kwa hiyo ndani ya msitu muda wako ni tangu jua linapozama hadi kama dakika 10 baadaye. Ukingoni, au kwenye uwazi ulioachwa na mti ulioanguka, muda huo unasogea hadi dakika 15 au 20 baada ya machweo. Anza ndani, malizia ukingoni. Jioni moja itakupa nafasi mbili. Siku ya mawingu mazito wahi zaidi.

Funga kamera kwenye stendi mapema, panga vipimo vyote mwenyewe badala ya kuiachia kamera, kisha usiviguse. Mwanga wa simu haubadiliki, wa anga unashuka, kwa hiyo ukipiga kila dakika uwiano unajibadilisha wenyewe na wewe utachagua baadaye. Piga RAW (faili ghafi ya kamera).

Michirizi: vioo vingi vya OLED (aina ya kioo cha simu ambacho kila nukta hujiwakia) hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka sana, mara nyingi mara 240 au 480 kwa sekunde. Shata ya kielektroniki husoma sensa mstari kwa mstari, hivyo baadhi ya mistari inakuta kioo kimezima. Tumia shata ya mitambo, 1/60 au polepole zaidi, na mwangaza wa kioo uwe wa juu kabisa. Zima mwangaza wa kujirekebisha, zima kichujio cha usiku, zuia kioo kisijizime. Kama mwanga umezidi usipunguze mwangaza. Weka picha ya kijivu badala ya nyeupe, au sogeza simu.

Rangi: wengi hudhani mwanga wa simu ni wa bluu kuliko vyote. Jioni si kweli. Kioo kiko karibu na Kelvin 6500 hadi 7000 (kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda mwanga ni wa bluu zaidi), wakati anga baada ya machweo linapita 9000. Weka kamera kwenye 6500 kwa mkono: ngozi itarudi hai na msitu utakuwa wa bluu peke yake. Ukiiachia kamera ichague, rangi itayumba kutoka picha hadi picha na mfululizo hautashikamana.

Na ukipima mwanga kwa nukta kwenye ngozi nyeusi, kamera itataka kuifanya ya kijivu cha kati. Shusha stopu moja.

Mwambao35
Nakubaliana na vipimo vyote hapo juu. Wasiwasi wangu ni picha 12 zinazosema neno moja. Mtu aliyeinamia simu tumeshamwona. Mmarekani Eric Pickersgill alianza mwaka 2014 mfululizo wa picha nyeusi na nyeupe ambao watu wamebaki na mkao uleule lakini simu zimeondolewa mikononi, na bado unaumiza kuutazama. Ukileta mfululizo mwingine wa aina hiyo, walimu watauona kama mwangwi.

Angalia vijiji vya milimani, ambako mtandao unashika kwenye mwamba mmoja au kona moja tu ya njia. Watu wanasimama pale jioni, wote wameelekea upande mmoja, kila mmoja na sauti yake sikioni. Simu hapo inamtoa mtu upwekeni na kumtenga na aliye pembeni yake kwa wakati mmoja. Huo mvutano ndio ungestahili nusu ya picha zako. Waombe ruhusa kwanza, tena kabla ya kuinua kamera.

Kwa upweke wenyewe tumia 35mm na umweke mtu awe sehemu ya kumi ya urefu wa fremu, asubuhi ya ukungu. Ukungu hutenganisha miti iliyo nyuma, kazi ambayo lenzi haiwezi kuifanya katika msitu uliosongamana. Ongeza stopu moja, la sivyo ukungu utatoka wa kijivu.

Kipepeo_Muheza
Asanteni sana, wakuu. Hiyo ya mwamba wa mtandao naichukua. Je, kioo chenyewe kionekane kwenye picha?

TaaHafifu
Hapana. Kioo kinauzidi uso kwa stopu saba au nane, kitabaki doa jeupe. Mgongo wa simu uelekee kamera. Na ukitumia 85mm kwa f/2 kutoka mita 2, kina cha fokasi (sehemu inayotoka kali) ni sentimita 6 au 7 tu. Uso ulioinama utakatika, paji kali na kidevu ukungu. Fokasi kwenye jicho la karibu, au rudi mita 3.

Chapa_na_Karatasi
Mawili ya haraka. Amani ni hifadhi iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa hiyo ulizia kibali ofisini kwao mapema, hasa kwa kukaa hadi giza. La pili, picha za giza huchapwa nyeusi kuliko unavyoziona. Shusha mwangaza wa kompyuta kabla ya kuhariri, kisha chapa kipande kidogo cha majaribio kwenye karatasi ileile. Karatasi isiyong'aa humeza vivuli. Chukua ya kung'aa kiasi. Faili lako linatosha inchi 20 kwa 13, kwa nukta 300 kila inchi.